Dhima hupimwa kwenye tenga

Kaulimbiu ya MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzishwa mwaka 1993 na wenye makao yake Morogoro, ina maneno sita: "Mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe." Tuichambue. Neno "mkulima" limekuja mara mbili: kwanza ndiye anayetetewa, kisha ndiye mtetezi. Katikati hapakuachwa nafasi ya dalali wala mfadhili. Anayeisoma anajua nani ana sauti kwenye mkutano, na haoni ajabu kwamba mtandao huo ulijenga masoko ya vijijini, likiwemo la Nyandira huko Mgeta. Anayejitetea anahitaji pa kusimamia anapopanga bei.

Vikundi vingi vya biashara huandika tofauti. Chukua mfano wa kikundi cha kubuni cha wakulima wa nyanya Mlali, chini ya milima ya Uluguru, kwenye barabara ya kupanda Mgeta. Katiba yao inasema: "Kuwa kikundi bora kinachotoa bidhaa bora kwa maendeleo endelevu." Futa neno "kikundi", weka "benki" au "hospitali". Sentensi bado inasimama. Maneno yanayomfaa kila mtu hayamwongozi yeyote.

Lugha yetu imetupa maneno mawili yanayosaidia kuandika kauli inayoongoza. Dira ni chombo cha baharia: humwonyesha upande hata pwani isipoonekana. Dhima ni wajibu ulio juu ya mtu, jambo analoweza kuulizwa. Basi dira ijibu tunaelekea wapi. Dhima ijibu leo tunamfanyia nani nini, na kwa njia gani.

Kikundi chetu kianze na dhima, kwa kuwa kazi wanaijua. Jaribio la kwanza: "Tunalima nyanya na kuziuza kwa bei nzuri." Nzuri kwa nani? La pili: "Tunakusanya nyanya za wanachama Mlali na kuziuza pamoja kwa uzito uliopimwa, bila lumbesa, na kila mwanachama analipwa kwa kilo zake." Sasa kuna mtu, kazi, mahali na njia. Dira inafuata yenyewe: "Mlali ambako hakuna mkulima anayeuza mboga kwa kukadiria."

Kisha sentensi ipelekwe shambani. Ni jioni, nyanya zimeiva, mnunuzi ana fedha mkononi na anataka lumbesa: tenga lijazwe mpaka lifanye kilemba juu ya ukingo, kwa bei ileile. Dhima inasema akataliwe. Lakini nyanya haingoji. Ikilala siku mbili kwenye joto inalainika na bei inaanguka. Kikundi kisicho na mizani wala mnunuzi wa pili wa kumpigia simu kitakubali kilemba, na kuanzia hapo hakuna mwanachama atakayeiamini karatasi ile.

Kwa hiyo, kabla ya kupitisha dhima, mkutano ujiulize: inatutaka tukatae nini, na tuna nini cha kutuwezesha kukataa? Kama mizani haijanunuliwa, iandikwe kwenye bajeti ya msimu huu, ukurasa unaofuata dhima. Wakulima wa Mlali hawahitaji maneno makubwa. Wanastahili sentensi moja ambayo mwanachama anaweza kumtamkia mnunuzi akiwa amesimama kando ya tenga lake, na mizani ikamuunga mkono.