Shimo la Mraba

Katika kila upande wa bao lililochongwa vyema kuna shimo moja la mraba kati ya wenzake wa duara. Hiyo ndiyo nyumba. Wachezao bao la kujifunza hulipita shimo hilo kama walipitavyo jingine lolote, kwani kwao kila shimo huanza na kete 2, na namua, ile hatua ya kuingiza kete moja moja, haipo. Mchezo huo ni halali na una raha yake. Kinachosikitisha ni kwamba wapo wengi wanaoishia hapo, na wakisikia kanuni za bao la Kiswahili huziita ugumu usio na faida.

Ugumu huo una kazi. Katika bao la Kiswahili mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: 6 nyumbani, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya kuumeni mwa nyumba. Zile 22 zilizobaki huziingiza moja moja. Akila, akasambaza, na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani bila kupata cha kula, ana hiari: alale, nyumba izidi kunenepa, au asafiri, azimwage zote akijua kwamba nyumba ikishavunjika haijengwi tena. Shimo jingine lenye kete halimpi hiari hiyo, sharti aendelee. Nyumba iliyoshiba ni hazina, lakini ni windo vilevile, maana mpinzani akiifikia kutoka shimo linaloikabili huizoa yote. Hapo ndipo fundi anapojulikana, katika kupima alale hadi lini. Ondoa nyumba, na mzani huo mzima umeondoka nayo.

Mtu atajibu kwamba dama ina kanuni chache na bado ina mabingwa. Ni kweli, na kanuni inayolemea bila kuzaa uamuzi yafaa iachwe. Lakini hata takasia, yenye vighairi vinavyowachosha wengi, ina sababu: humzuia mchezaji kuhamisha shimo lake lililokwisha tegwa, ili mtego wa subira usivunjwe kwa kukimbia tu. Wengine watasema kanuni hizi huwafukuza vijana. Mbona wazee walikwisha waandalia mlango? Jina lenyewe linasema: bao la kujifunza. Anayejifunza hutarajiwa kufika mahali.

Mwaka 1995 Alex de Voogt alitoa kitabu kizima kuhusu umahiri wa mafundi wa bao wa Zanzibar. Mtafiti alivuka bahari kwa ajili ya akili zilizonolewa na kanuni hizi hizi tunazoona uvivu kuzishika. Zamani kanuni hizo zilikaa vinywani mwa watazamaji wa barazani. Aliyekosea alikemewa papo hapo, na kwa kukemewa akajua. Programu ya simu humkatalia tu hatua isiyo halali, naye huendelea bila kujua kwa nini amekataliwa. Kanuni imehifadhiwa, ila si ndani ya mtu. Na huko mitaani mchongaji mwangalifu bado hutumia muda wake kuzinyoosha pembe nne za nyumba, kisha bao likifika kwa wachezaji, hutiwa humo kete 2, kama kwingine kote.