Chaki Chini ya Hiace

Kwanza fundi mzee hasemi neno. Anaizunguka Hiace mara mbili, mikono mgongoni, akikawia mahali ambapo mimi sioni cha kutazama. Dereva ameileta gereji hapa Kolwezi ili iwe tayari kwa kontrole tekniki, kisha arudi nayo Dilolo, safari ya zaidi ya kilomita 400 kupitia Mutshatsha na Kasaji, hadi karibu na mpaka ambapo reli ya Benguela huingia Kongo kutoka Angola. Gari limepakwa rangi nyeupe juzijuzi, linang'aa. Mzee anachukua kipande cha chaki, anatandika katoni, anaingia uvunguni.

Magari makuukuu ya namna hii huangushwa kwenye ukaguzi huo na mambo yaleyale: matairi, taa, breki, kutu, usukani unaocheza. Hayo hata mimi nayajua. Nisichokijua ni jinsi kosa moja linavyozaa jingine, na hapo ndipo ufundi wake ulipo.

Springi za nyuma, kwa mfano. Mtu aliziongezea majani mawili kila upande ili gari libebe magunia zaidi. Lakini juu ya ekseli kuna fimbo nyembamba iliyoungana na vali ya breki. Mzigo ukipakiwa, gari hushuka nyuma, fimbo husogea, na vali huachilia mafuta yenye nguvu zaidi kwenda breki za nyuma. Majani yakizidi, gari haliinami tena. Limebeba magunia hadi dari, na vali bado inaamini liko tupu. Basi breki za mbele hufanya kazi yao na ya wenzao, zinachemka kwenye kila mteremko, plakete zinaisha mapema, na mwenye gari anamlaumu aliyemuuzia plakete. Mzee anachora duara la chaki kwenye fimbo. Ndiyo maana alikawia pale nyuma: alikuwa ameuona mkia umeinuka.

"Baba, ile makelele ya mbele ni matope tu," dereva anasema.

"Sawa, mwanangu. Tutayasikiliza hayo matope."

Anainua gurudumu kwa jeki, anaweka gogo la kuzuia, anashika tairi mkono mmoja juu, mmoja chini, na kulitikisa taratibu. Linacheza. Kijana mwenye haraka angeishia hapo na kuandika beringi. Mzee anamwomba dereva akanyage breki, halafu anatikisa tena. Breki ikikamatwa, gurudumu na kitovu chake huwa kitu kimoja. Kama mchezo ungetoweka, lawama ingekuwa ya beringi. Haukutoweka. Ni rotile, kile kifundo kinachoruhusu gurudumu kupanda na kugeuka kwa pamoja. Mfuko wake wa mpira umepasuka, vumbi jekundu la barabara limeingia na kusaga chuma kama msasa. Chaki tena.

Matairi hayamchukui muda. Anasoma tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, anaguna. Kwenye chasisi anagonga kwa mpini wa bisibisi, inchi kwa inchi, akisikiliza sauti inapogeuka butu. Rangi nyeusi mbichi humtia shaka kuliko kutu yenyewe, na mimi namwunga mkono: nani hupaka rangi uvungu kwa ajili ya urembo?

Kisha taa. Gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako watu huendesha upande wa kushoto. Usukani umehamishwa, taa hazikuhamishwa. Anaziwasha kuelekea ukutani, na mwanga unapanda kama ngazi upande wa kushoto; huko kwao ungemulika watembeao kandokando ya njia, huku unakwenda moja kwa moja machoni mwa dereva anayekuja. Kuziinamisha hakutoshi, anasema, zibadilishwe. Mlango wa kuteleza nao uko kushoto, kwa hiyo abiria hushukia katikati ya barabara. Anaufungua, anaufunga, anaufungua tena, anatazama komeo kwa muda. Hapo hachori kitu. Anamwambia tu konda awe anashuka wa kwanza.

Uvungu mzima sasa una maduara meupe. Dereva anayahesabu, midomo ikitikisika.

"Na rangi, baba?"

"Rangi ni muzuri," mzee anasema, na kurudi chini kwenye katoni yake.