Bili ya Siku Tano: Salio la Melini Lilivyotumika

Bili ninayoichambua hapa ni ya mzee mmoja wa Amani, wilaya ya Muheza, Tanga, mstaafu wa kazi za misitu, na ameniruhusu kuitumia mradi jina lake lisitajwe. Alipanda meli ya kitalii pamoja na mkewe na binti yao anayeishi Houston. Waliondoka Galveston, Texas, wakalala melini siku tano, wakashuka Progreso na Cozumel nchini Meksiko, kisha wakarudi walikoanzia. Nauli binti alikuwa ameshailipa miezi kadhaa kabla. Yaliyobaki ni matumizi ya ndani ya meli, na kwa ajili ya hayo walipewa salio la dola 150 ambalo hawakulitoa mfukoni mwao.

Melini noti hazina kazi. Kila abiria hupewa kadi inayofungua mlango wa chumba chake, na kadi hiyohiyo ndiyo ya kununulia: kila soda, kila picha, kila tiketi ya matembezi inaandikwa kwenye akaunti ya chumba. Safari ikiisha akaunti inafungwa, na deni linakatwa kwenye kadi ya benki. Salio ni fedha ambayo mtu mwingine ameshaiweka kwenye akaunti hiyo kwa niaba yako. Mzee aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye kujua uchungu wa hela angeuliza: "Nisipoitumia, narudi nayo Muheza?" Binti akamjibu, "Hairudi, baba. Usiku wa mwisho inafutwa."

Kwa dola zile 150 jibu lilikuwa sahihi, lakini si kila salio hufutwa. Kuna linalorudi. Meli ikishindwa kutia nanga kwa sababu ya upepo, kodi ya bandari ambayo abiria alishailipa hurudishwa kwenye akaunti yake, na hiyo ni mali yake. Asipoitumia, itaingia kwenye kadi yake ya benki baada ya safari. Matembezi yaliyoandaliwa na meli yakivunjika, nayo fedha yake hurudi. Asiyejua tofauti hii huhangaika kumaliza fedha ambayo ingemfuata nyumbani. Wahudumu wa kaunta ya wageni watakueleza ukiwauliza, ila usitegemee wakufuate kukueleza.

Kati ya zile 150, dola 100 zilitoka kwa wakala wa safari. Wakala hulipwa kamisheni na kampuni ya meli, na ili mteja asikimbilie kwa jirani, humega sehemu ya kamisheni hiyo akamwekea kama salio. Dola 50 zilitokana na hisa. Kampuni kubwa tatu za Marekani, yaani Carnival, Royal Caribbean na Norwegian, kwa miaka mingi zimewapa wanahisa wenye hisa zisizopungua 100 salio la dola 50 kwa safari fupi, 100 kwa safari ya wiki hivi, na 250 kwa safari za wiki mbili na zaidi. Lakini ni lazima uombe mwenyewe kabla ya safari, na uambatishe uthibitisho wa hisa zako. Binti alikuwa nazo kwa sababu zake nyingine. Kununua hisa 100 ili upate dola 50 ni hesabu mbovu: mwanzoni mwa 2020 hisa moja ya Carnival iliuzwa kwa dola 50 hivi, na kufikia Aprili mwaka huohuo ilikuwa chini ya dola 10. Aliyezinunua kwa ajili ya salio alipoteza maelfu akifuata makumi.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Kanuni aliyoifuata binti, japo hakuiita kanuni, ni kwamba salio huwa na thamani yake kamili pale tu linapolipa kitu ambacho ungekilipa hata kama usingepewa. Dola 100 za salio zikilipa deni la lazima la dola 100, umeokoa dola 100 taslimu. Zikinunua kitu ambacho ulikitamani tu kwa vile salio lipo, thamani yake ni kiasi ambacho wewe, ukiwa umetulia nyumbani, ungekubali kukitoa kwa kitu hicho. Pengine ni dola 20. Pengine hakuna.

Hilo binti alijifunza kwenye safari ya nyuma na rafiki yake. Safari ile alilipa bakshishi za wahudumu mapema, miezi miwili kabla, akiamini anapunguza mzigo. Akaingia melini na salio la dola 125 lisilo na deni la kulipa. Siku ya nne akanunua saa ya mkononi iliyoandikwa bei ya punguzo, dola 180. Salio likalipa 125, yeye akaongeza 55. Kwa maneno mengine, zawadi aliyopewa ilimtoa dola 55, na saa yenyewe ameshampa mtu.

Safari hii akafanya kinyume. Meli nyingi za Marekani hukata bakshishi kwa kila kichwa kwa kila siku, na viwango vya miaka ya karibuni vimekuwa kati ya dola 16 na 20 kwa chumba cha kawaida. Kwao ilikuwa 16. Watu watatu mara siku tano mara 16, jumla 240. Hiyo si anasa. Ndiyo sehemu kubwa ya ujira wa anayetandika kitanda chako na anayekuletea chakula, na sioni heshima ya mtu kwenda kaunta kuomba ifutwe, ingawa kampuni kadhaa zinaruhusu. Kwa kuwa ingelipwa vyovyote vile, binti aliiacha bila kuilipa mapema. Ilipoandikwa kwenye akaunti, ilizimeza dola 100 za wakala pale pale. Zikabaki 140 za kulipwa na kadi ya benki, na kishawishi cha kununua saa kikafa siku ya kwanza. Hasara ya njia hii ni moja: kampuni ikipandisha kiwango kabla hujasafiri, hukujikinga. Kwa siku tano, tofauti ni ya kununulia kahawa.

Dola 50 za hisa zilihitaji njia nyingine. Masharti ya Carnival, kwa mfano, yanasema salio la wanahisa halilipi kasino wala bakshishi zinazoandikwa kwenye akaunti. Hapo ndipo watu wengi huteleza: wanajumlisha masalio yote kuwa fungu moja na kudhani kila fungu linalipa kila kitu. Binti aliyapanga kila moja na kazi yake, na kazi ya dola 50 ikawa matembezi ya Progreso.

Hapa mzee alikuwa na jambo lake. Progreso ni bandari ya jimbo la Yucatán, na upande wa pili wa mji wa Mérida kuna shamba la zamani la henequen, ndugu wa mkonge wetu, lililogeuzwa kuwa kivutio: unapanda kitoroli kinachokokotwa na nyumbu, unaona majani yakichakatwa hadi kuwa singa. Mtu aliyezaliwa wilaya ya Muheza akiona hivyo ataelewa bila mkalimani. Mkonge uliojenga Tanga uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62. Jina la sisal, wanalolitumia Wazungu, ni la bandari ndogo ya huko huko Yucatán. Kwa hiyo matembezi haya yalikuwa kwenye orodha ya mzee tangu siku aliposikia neno Progreso, salio liwepo lisiwepo.

Swali lilikuwa walipe vipi. Kwenye tovuti ya kampuni, kabla ya safari, matembezi yalikuwa na punguzo la asilimia 10, lakini hapo salio halikubaliki. Linafanya kazi ukishaingia melini tu. Bei kamili ilikuwa dola 100 kwa mtu, 300 kwa wote. Punguzo lingeokoa 30. Kusubiri kungetumia 50 ambazo vinginevyo zingefutwa. Wakasubiri, na saa ya kwanza baada ya kupanda meli binti alikuwa kwenye foleni ya kaunta ya matembezi, kwa sababu hatari ya kusubiri ni kukuta nafasi zimejaa. Kama salio lingekuwa dola 20, au kama wangekuwa na matumizi mengine ya hakika ya kulimalizia, ningewashauri wachukue punguzo.

Kulikuwa na njia ya tatu. Dereva wa mjini, aliyepatikana kwa simu, alitaka dola 180 kwa wote watatu, kwenda na kurudi na kiingilio. Salio halimfikii dereva huyo. Yeye anataka noti. Ukitoa 50 kwenye 300 unabaki na 250, kwa hiyo gari la meli liliwazidishia dola 70. Je, walipunjwa? Nadhani hapana, na sababu ni saa. Gati la Progreso limeingia baharini zaidi ya kilomita sita, linatajwa kuwa refu kuliko yote duniani, na toka hapo hadi shambani ni kilomita 70 na ushee kupitia Mérida. Matembezi ya meli yakichelewa, meli inasubiri. Ya dereva wa nje yakichelewa, inaondoka. Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn iliwaacha abiria wanane São Tomé waliochelewa kurudi kutoka matembezi waliyojipangia, nao wakaikimbiza nchi hadi nchi mpaka wakaipata Dakar. Kwa wazee wawili wenye pasipoti za Tanzania, ambao Meksiko iliwakubali kwa sababu ya viza yao ya Marekani, dola 70 ni bima ya bei nafuu. Cozumel walishuka wenyewe kwa miguu na hawakulipa mtu.

Yaliyobaki kwenye bili ni madogo. Soda na kahawa nzuri, dola 27 pamoja na asilimia 18 iliyoongezwa kwenye kila kinywaji bila kuulizwa. Maji, chai na kahawa ya kawaida ni vya bure, na mzee alivitumia ipasavyo. Kifurushi cha intaneti hawakununua. Kasino hawakuipitia, na vizuri, maana kampuni nyingi hazikubali salio ligeuzwe fedha taslimu huko. Mama alinunua picha moja iliyopigwa na mpiga picha wa meli, dola 25. Kwa kanuni ya uchambuzi huu picha ile haikustahili. Nimeiona, iko sebuleni Amani, na sitagusa suala hilo zaidi.

Jumla: 592. Ukitoa salio, kadi ya benki ilikatwa 442. Zile 100 za wakala zilifanya kazi kwa thamani yake yote. Zile 50 zilisaidia kulipia bima ya muda. Hakuna iliyofutwa usiku wa mwisho.

Ila bili hii ina upande mwingine ambao sisi wa Tanga tungeusoma kwa makini kuliko wa abiria. Salio linaelekeza miguu. Abiria mwenye dola zinazokaribia kufutwa huchagua kilichomo kwenye orodha ya meli, hata kama dereva wa nje ni rahisi na mwenyeji zaidi. Ndivyo ilivyo kwa waongoza watalii wanaosubiri wageni nje ya bandari ya Malindi, Unguja: meli inatia nanga, mabasi yaliyokodiwa na meli yanajaa, wao wanagombania waliobaki.

Nasi linatuhusu: bandari ya Tanga sasa ina kina cha mita 13 kwenye gati, baada ya miaka mingi ya meli kubwa kusimama mbali na kushushia mizigo kwenye matishari. Kutoka gatini hadi Muheza na kupanda hadi Amani ni kilomita 70 hivi, karibu sawa na toka Progreso hadi shamba la henequen. Juu kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na hifadhi ya msitu ya hekta 8,380 iliyotangazwa 1997, yenye ndege na maua ambayo watu huvuka bahari kuyaona. Lakini kule Yucatán umbali huo ni lami tupu. Kwetu, ukishapita lango la Sigi, ni kona juu ya kona kwenye udongo mwekundu, na mvua ya masika ikinyesha hakuna kampuni ya meli itakayokubali kuahidi kwamba basi litarudi saa kumi jioni.