Jukwaani, Mke Hajibu

Mchekeshaji wa jukwaani husimama peke yake na maikrofoni, akawasema watu wa nyumbani kwake. Mkewe kamfokea, mama yake kaingia bila hodi, watoto wamemnyima usingizi. Ukumbi unacheka, na hakuna wa kusimama kusema, “Hebu ngoja, haikuwa hivyo.” Ni kesi iliyosikilizwa upande mmoja. Anayetaka kuzigeuza dakika hizo chache ziwe komedi ya familia ya kudumu miaka lazima awaite na wale waliosemwa, kisha awape midomo mikali kuliko wa msemaji. Sijaona kazi hiyo ikifanywa kwa ustadi kushinda ule wa *Everybody Loves Raymond*, iliyoruka Marekani kwenye kituo cha CBS kuanzia Septemba 13, 1996 hadi Mei 16, 2005, sehemu 210 katika misimu 9.

Mwaka 1995 Ray Romano, mzaliwa wa Queens, New York, alipanda kwenye kipindi cha David Letterman na vichekesho vyake vya baba mwenye watoto wadogo. Kampuni ya Letterman, Worldwide Pants, ikaona hapo kuna mchezo, na mwandishi Philip Rosenthal akaletwa kuujenga. Romano alikuwa na binti na wavulana mapacha. Ray Barone wa kwenye runinga naye akapewa binti na wavulana mapacha. Romano alikuwa na kaka askari polisi. Ray Barone akapewa Robert, kaka mkubwa, askari polisi. Hata jina la mchezo lilitokana na kijembe cha huyo kaka wa kweli, aliyelalamika kwamba Raymond ndiye kipenzi cha kila mtu.

Lakini Rosenthal hakuishia kwa Romano. Alichota pia kwa wazazi wake mwenyewe, na akawataka waandishi wenzake waje kazini na magomvi ya majumbani mwao. Katika sehemu ya kwanza kabisa, Ray anamlipia mama yake Marie huduma ya kuletewa matunda kila mwezi. Kisanduku cha kwanza kinafika, na mama anafadhaika. Matunda yote haya atayaweka wapi? Kwani yeye hawezi kwenda dukani akanunua matunda? Kisa hicho kilitoka kwa mama yake Rosenthal. Mtu akikaa akabuni mgogoro wa mama na mwana atafikia haraka pesa, urithi, au siri ya zamani. Matunda yale hayabuniki. Yanahitaji mtu aliyekuwepo, aliyeumia kidogo, na aliyekumbuka.

Uamuzi ninaoustahi zaidi ni wa kuchagua waigizaji. Romano hakuwa mwigizaji mzoefu, na waliomtengenezea mchezo hawakumficha kwa kumzungushia watu dhaifu. Walimweka katikati ya magwiji. Doris Roberts, mama, alikuwa na miaka mingi ya tamthilia nyuma yake. Peter Boyle, baba aitwaye Frank, ndiye aliyewahi kuwa lile zimwi katika filamu ya *Young Frankenstein* ya mwaka 1974. Patricia Heaton alikuwa Debra, mke. Brad Garrett, aliyecheza Robert, alitoka jukwaani vilevile: alishinda shindano la Star Search mwaka 1984 kwa uchekeshaji. Urefu wake unapita mita mbili, na aliutumia kwa namna ya ajabu, jitu zima likiingia sebuleni na huzuni ya mtoto aliyesahauliwa. Roberts alichukua Emmy 4 kwa nafasi ile, Garrett 3, Heaton 2, Romano mwenyewe 1. Nyota wa mchezo ndiye mwenye tuzo chache kati ya hao wanne, na mimi naona humo ndimo ulimo uimara wake.

Maana Romano aliridhika kuwa mtu anayepigwa. Sauti yake hutokea puani, huburuta maneno, huanza sentensi na kuikimbia katikati. Jukwaani ilikuwa sauti ya kulalamika. Sebuleni ikawa sauti ya kukwepa. Ray si mbaya, ni mwoga: anamwogopa mke, anamwogopa mama, na nyumba zao zinatazamana, zimetenganishwa na barabara tu. Kila akimridhisha mmoja amemkosea mwingine. Msomaji aliyewahi kuishi jirani na mavyaa wake hahitaji kuelezwa zaidi.

Kisha kuna kimya. Mchezo ulirekodiwa mbele ya watu walioketi studioni, na anayetoka jukwaani anajua kitu ambacho mwigizaji wa filamu hulazimika kukijifunza: kicheko kina urefu wake, na ukikikatiza umekiua. Tazama wanavyofanya mezani. Marie anatoa sifa kwa chakula cha Debra, sifa yenye mwiba ndani. Kamera inakwenda kwa Debra, uma umesimama hewani, watu wanacheka. Inakwenda kwa Ray, macho kwenye sahani, wanacheka tena. Inakwenda kwa Robert, ambaye anafurahi kwamba leo si yeye, kicheko kinapanda. Mwishowe Frank, asiyejali lolote isipokuwa kula, anatupa maneno mawili na ukumbi unaanguka. Sentensi moja ya Marie imezaa vicheko vinne, na vitatu havikuwa na neno hata moja. Waandishi wengi wangejaza nafasi ile kwa utani mwingine. Hawa waliziamini nyuso.

Sehemu ninayoirudia mara kwa mara inaitwa “Baggage”, ya mwaka 2003, iliyompa mwandishi wake Tucker Cawley tuzo ya Emmy. Ray na Debra wamerudi safarini, begi limeachwa kwenye ngazi, na kila mmoja anangoja mwenzake alipandishe juu. Zinapita wiki. Ray anatia jibini ndani ili linuke na mke ashindwe kuvumilia. Hakuna kisa kingine, begi tu. Mchezo ungeweza kuishia kwenye uvundo ule na tungecheka. Badala yake Marie anakuja na kusimulia ugomvi wa zamani kati yake na Frank, unaohusu uma na kijiko vikubwa vya mapambo, vile ambavyo mtazamaji ameviona ukutani jikoni kwake kwa misimu kadhaa bila kuviwazia. Ghafla pambo la ukutani lina historia ya ndoa nzima. Halafu wanandoa wanakata shauri kujishusha, na sasa wanagombania nani alibebe begi. Jukwaani Romano angeisimulia hadithi hii kwa dakika mbili na Debra angekuwa mkosaji. Hapa wote wawili wana haki, na wote wawili ni wapuuzi.

Mwaka 2009 mchezo huu ulizaliwa upya Urusi kwa jina la *Voroniny*. Rosenthal alikwenda Moscow kusaidia, na filamu yake ya hali halisi, *Exporting Raymond* ya mwaka 2010, inaonyesha alivyohangaika. Msimamizi wa mavazi, kwa mfano, alitaka mama wa nyumbani avae nguo za mitindo ya kisasa. Nafasi ya Ray ilishikwa na mwigizaji Georgy Dronov, na Romano hakuwamo tena. Warusi waliupenda, wakautazama kwa miaka mingi, na visa vya Marekani vilipokwisha waandishi wao wakaendelea na visa vyao wenyewe.