Istilahi tunazo, vitenzi je?

Neno 'kuchakata' limepanda cheo. Zamani mtu wa Tanga au Kibwezi alilijua kwa mkonge: jani linatiwa mashineni, nyama yake inapondwa na kukwanguliwa, zinabaki nyuzi. Siku hizi tunachakata data, tunachakata majani chai, tunachakata taka, na juzi nimesikia redioni mtu akichakata huzuni yake. Sina ugomvi na neno linalopanua maana. Ugomvi wangu unaanza pale neno moja linapotumwa kila mahali mpaka likawa halisemi kitu.

Nimekumbana nalo tena katika mswada wa kijitabu ulioandikwa na mwalimu mmoja wa Biolojia anayefundisha Kitengela. Kijitabu kinaeleza, kwa Kiswahili, jinsi jani linavyofanya kazi, nacho kimelengwa wanafunzi pamoja na wakulima na wafugaji wa Kajiado. Shule zetu zinafundisha Biolojia kwa Kiingereza, kwa hivyo mtu anayekaa usiku kuandika mambo haya kwa Kiswahili anastahili shukrani. Nitamkosoa kwa sababu kazi yake inafaa kukosolewa.

Nianze na nomino, maana huko hana shida. Seli, kiini, utando, jeni, protini, kloroplasti, klorofili, usanisinuru: zote zimekaa vizuri. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, na wale ambao mpaka leo wanaimba ati Kiswahili hakina istilahi za sayansi wangeifungua kwanza ndipo waimbe. Nomino tunazo. Ila sayansi ya chembe hai ni habari ya nani anafanya nini, kwa nani, kwa kutumia nini. Hiyo ni kazi ya vitenzi, na hapo ndipo mswada unapoteleza.

Tazama sentensi hii: "Kloroplasti ni kiwanda cha chakula kinachoagiza protini kutoka nje." Mkazi wa Kitengela anajua kuagiza ni nini. Unapiga simu, unataja unachotaka, unalipa, mzigo unakuja. Sasa, kloroplasti imempigia nani simu?

Habari yenyewe ni tamu kuliko ya kiwanda. Kloroplasti ni kizazi cha bakteria waliokuwa wakiishi huru, wakamezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, wakabaki humo. Konstantin Mereschkowsky alilitoa wazo hilo mwaka 1905. Likapuuzwa kwa miongo mingi hadi Lynn Margulis alipolifufua mwaka 1967. Katika muda huo mrefu, jeni nyingi za mgeni zilihamia kwenye kiini cha seli ya mwenyeji. Leo kloroplasti inahitaji protini za aina 3,000 hivi, lakini kwa kawaida jeni zilizobaki ndani yake zinatosha kuunda aina 80 tu. Zilizosalia zinatengenezwa nje kwa maelekezo ya kiini. Kwa hivyo kloroplasti haiagizi. Inaletewa.

Hicho kitenzi 'kuletewa' nimekitumia makusudi. Kitenzi cha Kiswahili kina mnyambuliko, na mnyambuliko unataja mtenda, mtendwa, mtendewa na msababishaji bila kuongeza neno. Protini haiingii tu, inaingizwa. Tena haiingizwi mlango ukiwa wazi, inapenyezwa. Kwenye utando wa nje wa kloroplasti kuna vipokezi vinavyoitambua protini iliyofika. Kisha protini, ikiwa bado haijakunjwa, inapitishwa kama uzi kwenye tundu la sindano: kwanza katika mfereji wa utando wa nje uitwao Toc75, halafu katika mitambo ya utando wa ndani iitwayo Tic, huku nguvu za kuivuta zikitoka kwenye ATP. Haya yote mwalimu ameyafupisha hivi: "protini huchakatwa na kuingia". Lo! Msomaji atadhani imesagwa.

Protini inatambuliwaje? Nyingi huja na kipande cha asidi amino kilichotangulia mbele, ambacho mwalimu anakiita 'lebo'. Lebo hubandikwa mzigo ukiwa tayari. Kipande hiki ni sehemu ya protini tangu inapoundwa, na ndicho kinachoundwa kwanza. Napendekeza tukiite kiambishi awali, neno ambalo mwanafunzi wa Kenya amelijua tangu shule ya msingi. M- ya 'mtoto' inatuambia neno hili ni la ngeli ya A-WA. Kiambishi cha protini kinaiambia seli kwamba huyu ni wa kloroplasti. Wazo la jumla kwamba protini hubeba ndani yake ishara ya mahali zinakokwenda ndilo lililompa Günter Blobel Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Lakini mfano wangu una mwisho, na mwalimu akiutumia autaje mwisho huo: M- haimtoki mtoto akishaingia nyumbani, ilhali protini ikishafika ndani kiambishi hukatwa na kimeng'enya, ndipo inapokunjwa ikapata umbo lake la kazi.

Sura ya jeni ndiyo iliyonichosha zaidi. "Jeni za kloroplasti huchakatwa kabla ya kutumika." Kwanza, si jeni zenyewe, ni nakala zake za RNA. Pili, kuna kazi tatu humo, na kila moja ina kitenzi chake cha kawaida kabisa. Jeni kadhaa hunakiliwa pamoja katika uzi mmoja mrefu, kwa hivyo uzi hukatwa. Baadhi ya jeni zina vipande visivyohitajika katikati. Hivyo huondolewa na ncha zilizobaki huungwa. Jeni moja, rps12, imegawanyika sehemu zilizoko mbalimbali, kila sehemu ikanakiliwa peke yake, na nakala zikaja kuungwa baadaye. Tatu, herufi fulani za nakala hubadilishwa. Mfano mzuri uko kwenye mahindi yetu. Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba jeni ya rpl2 katika kloroplasti ya mahindi haina ishara ya kawaida ya kuanzia, AUG. Imeandikwa ACG, kisha kwenye nakala ile C inageuzwa U.

Kukata, kuunga, kuhariri. Mwanafunzi wa darasa la sita anavijua.

Mahali pamoja mwalimu aliacha kuchakata akaandika 'kusahihisha makosa'. Nimempigia mstari mwekundu hapo. Kusahihisha kunamdai mkosaji. Mahindi huandika ACG kizazi baada ya kizazi na kugeuza herufi hiyo kila mara, kama mwandishi anayejua kuwa mswada wake utapita kwa mhariri. Kuhariri kunatosha.

Kwa nini nashikilia vitenzi hivi? Kwa sababu kijitabu kina ukurasa kuhusu ukame, na wasomaji wake walipoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023. Mwalimu anaandika: "Wakati wa ukame mmea hufunga kiwanda." Mfugaji wa Isinya akisoma hivyo ataona mmea umekata tamaa. Utafiti uliochapishwa na Qihua Ling na Paul Jarvis mwaka 2012 na 2015 unasema jambo jingine. Protini moja iliyo kwenye utando, SP1, hutia alama mitambo ya Toc ili ivunjwe. Kwa hivyo mmea ukibanwa, protini za usanisinuru zinazoingizwa hupungua, na pamoja nazo hupungua kemikali kali za oksijeni zinazoidhuru seli. Mmea wenye SP1 nyingi ulistahimili zaidi. Hapo mmea unajihami, wala haujafunga chochote. Tena utafiti huo ulifanyiwa Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara, na mwalimu hana ruhusa ya kuuhamishia kwenye nyasi za Kajiado bila kusema hivyo.

Ukurasa wa 14 sikuugusa. Unahusu rubisko, kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksidi, chenye vipande 16: vinane vikubwa vinavyoundwa ndani ya kloroplasti kwa jeni zake yenyewe, na vinane vidogo vinavyotoka nje kwa jeni za kiini. Mwalimu ameandika kwamba vile vidogo "hupenyezwa, hukatwa kiambishi, kisha hukutana na wenzao walioundwa nyumbani". Hakuna kuchakata hapo. Neno kiambishi, kumbe, alikuwa nalo kabla yangu. Sijui kwa nini kurasa nyingine aliliacha akachukua lebo.