Neno Lililobaki Mikononi mwa Mfinyanzi

Kitenzi cha Kiingereza «throw», ambacho kila anayejifunza lugha hiyo huambiwa mapema kuwa maana yake ni kutupa, kina maana nyingine kabisa katika karakana za ufinyanzi, kwani ndicho kinachotumika kwa kazi ya kuumba chombo juu ya gurudumu, yaani kile kisahani bapa kinachozunguka mbele ya mfinyanzi, ingawa hapo hakirushwi kitu. Wapo wanaodai kwamba usemi huo umetokana na donge la udongo kubamizwa juu ya gurudumu kabla ya kazi kuanza. Dai hilo lavutia, lakini historia ya neno yalikataa. Katika Kiingereza cha Kale kitenzi hicho kilikuwa «thrawan», na maana yake ilikuwa kusokota, kupinda na kuzungusha. Nduguye wa Kijerumani, «drehen», humaanisha kuzungusha hadi leo, na «thread», yaani uzi, ni wa ukoo huohuo, kwa kuwa uzi hupatikana kwa kusokotwa.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba kutupa kulikuwa na neno lake, «weorpan», ambalo Wajerumani wangali wanalitumia kwa umbo la «werfen». «Thrawan» ilipohamia kwenye kutupa, labda kwa sababu mkono hujipinda kabla ya kurusha, «weorpan» nayo ilikuja kuwa «warp», neno linalotajwa leo ubao unapojipinda, kana kwamba maneno hayo mawili yalibadilishana nyumba.

Wafinyanzi hawakuhama. Tarehe 13 Juni 1769, mfinyanzi Mwingereza Josiah Wedgwood, aliyekuwa amekatwa mguu mwaka uliotangulia, alifungua kiwanda chake cha Etruria huko Staffordshire kwa kuumba vyombo sita kwa mikono yake mwenyewe, huku mshirika wake, Thomas Bentley, akimzungushia gurudumu. Kiswahili kilipita njia nyingine, kwani «finyanga» ina udugu na «finya», na hilo lasadifu, maana vyungu vya Afrika Mashariki kwa desturi huumbwa bila gurudumu, kwa vidole vinavyofinya na kiganja kinacholainisha.

Juu ya gurudumu kazi ngumu kuliko zote ni ile ya mwanzo, ya kulituliza donge katikati: mfinyanzi hukaza viwiko ubavuni, huloweka mikono, kisha huukandamiza udongo unaoyumba hadi uzunguke kimya kana kwamba umesimama. Hapo ndipo vidole gumba huzama kufungua tumbo la chombo, na vidole viwili, kimoja ndani na kimoja nje, huubana ukuta na kuupandisha polepole. Anayepapasa ndani ya chombo kilichoumbwa hivyo huikuta mifuo ya vidole ikipanda kwa mzunguko mmoja usiokatika, kutoka kitakoni hadi mdomoni, na huo ndio msokoto uliotajwa na «thrawan».