Baada ya Injini Kunoki

Boneti inafunguliwa, watu wanashangilia. Kava za valvu zimepakwa rangi nyekundu, mabomba ya silikoni ya bluu yanang'aa, turbo inapiga mluzi. Wanaosifia Subaru iliyofufuliwa namna hii, Nairobi na Dar es Salaam, hawaulizi jambo la kwanza kabisa: beringi iliposagika, chembe zake zilikwenda wapi?

Kwenye injini za EJ20 na EJ25 za turbo, beringi ya konrodi mara nyingi ndiyo hutangulia kufa. Oili ikipungua au ikichoka, beringi hung'ang'ania krankshafti, huzunguka nayo na kusagika kuwa unga unaometa. Filta ikiziba, valvu yake ya pembeni hufunguka na oili chafu hupita bila kuchujwa, hadi kwenye hedi, hadi kwenye turbo.

Asiyejua hukagua pistoni. Mjuzi huuliza kuhusu kipoza oili, kile kidude cha duara kinachokaa kati ya bloku na filta.

Ndani yake mna vinjia vyembamba mno. Unga ukishaingia humo, hata ukioshwa kwa petroli kutwa nzima, hautoki wote. Injini ikiwa baridi, unga hutulia. Oili ikipata moto, huachia kidogo kidogo, ukarudi kwenye beringi mpya. Injini hunoki tena, na lawama humwangukia muuza oili. Kipoza kinunuliwe kipya, hakuna mjadala. Plagi za njia za oili kwenye bloku nazo zing'olewe, brashi ipite, kisha kitambaa cheupe, mpaka kitoke kama kilivyoingia. Fundi mmoja mzee wa Grogan, Nairobi, aliwahi kuosha bloku siku mbili zaidi kwa sababu ya doa moja jeusi kwenye kitambaa, huku mteja akinung'unika mlangoni.

Matapeli hawana haja ya kitambaa. Hupiga msasa krankshafti iliyochimbika, huweka beringi za standadi, kisha humimina oili nzito iliyotiwa dawa ili mlio ujifiche mpaka mteja afike kwake. Mikrometa ingewaumbua: jonali ya konrodi ni milimita 52, na nafasi ya oili hapo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita.

Wakati wa kuunganisha, bloku isipakwe rangi. Aluminiamu iachwe ionekane. Silikoni ya kuzibia ikifinyika nje ya sampu, imefinyika na ndani pia, na kipande kikikatika kitaziba chujio la pampu.

Subaru Impreza ya Colin McRae ilishinda Safari Rally mwaka 1997, ya Richard Burns mwaka 2000. Mafundi waliokuwa wakizitazama zikipita kwenye vumbi walikuwa na subira. Injini ilikaa mezani, imefunikwa shuka safi, hadi kila kipimo kikubali.

Mzee wa Grogan bado ana subira hiyo. Injini ikishanguruma dakika 20, huizima, hufungua filta kwa kikatio, kamwe si kwa msumeno unaoongeza chembe zake, kisha hukunjua karatasi juani. Chuma cha ringi mpya hunaswa na sumaku; madini laini ya uso wa beringi hayanaswi. Mara ya mwisho alipitisha sumaku, chembe tatu zikabaki zinameta pale pale. Mwenye gari alikuwa ameshakuja na funguo mkononi. Mzee alimwonyesha karatasi, akachukua spana, akaanza kufungua boliti za sampu.